Tairi la Mbele, Kulia

Hapa Sebring njia haikujengwa kwa ajili ya mbio.
Ni zege la uwanja wa ndege za vita,
bamba kwa bamba, na kila kiungo ni kofi la mgongoni.
Mbio zaanza saa nne asubuhi, zakoma saa nne usiku,
na katikati jua la Florida halimjui mtu.
Upepo unaleta harufu ya maua ya michungwa,
inachanganyika na petroli na soseji
za wale walevi wa kwenye uzio
waliobeba makochi yao toka nyumbani.

Mimi ni mtu wa matairi.
Shekiondo, wa Lushoto, miaka kumi na tisa gereji hii hii.
Madereva wana midomo; matairi yana ngozi.
Likitoka garini naliinamia likiwa bado linafuka,
nalipapasa kama mkunga,
najua nani kachelewa breki, nani kaogopa,
nani anaendesha huku moyo kauacha hotelini.

Loïc Berthomieu nilimsoma miaka kumi na minne.
Mtoto wa mwoka mikate wa Albi;
baba aliuza tanuri la pili kumnunulia kigari cha kwanza.
Alikuwa na kasi, ile ya kuwanyima usingizi watoto wa matajiri,
ila kasi haina akaunti benki.
Wakamwambia subiri. Akasubiri hadi miaka ishirini na sita,
kisha akapanda ndege na begi moja na helmeti,
Kiingereza chake chote kikiwa ni "ndiyo", "tena" na "asante".

Basi akawa dereva wa kukodiwa.
Wenye pesa walinunua gari, na jina la juu mlangoni;
walilizungusha mchana, kamera zikiwepo.
Yeye alipewa usiku.
Alipewa mvua ya Watkins Glen, ukungu wa Braselton,
alipewa gari lililokwisha kugongwa, akaambiwa: lirudishe.
Akalirudisha.
Mbavu zilivunjika mara mbili, ndoa mara moja.
Kombe kubwa, lile la kuandikwa ukutani,
hata siku moja.

Lakini matairi yake!
Yalilika sawasawa, kama visigino vya mtu mnyoofu.

Mwaka huu, saa moja usiku, akaingia.
Nikalishika la mbele, kulia:
pana bapa, pana kama kiganja.
Nikasema moyoni, ajali ya kazi.
Zamu iliyofuata, bapa jingine.
Kona ya kumi na saba, gizani,
anakanyaga breki mahali ambapo alama
ipo kichwani mwake tu.
Jicho halikuiona.

Sikumwambia bosi. Niliyageuza,
mabapa yakatazama ukuta.
Akaja mwenyewe, jasho linamchuruzika,
tuko wa pili, zimebaki dakika hamsini,
akalivingirisha moja kwa ncha ya kiatu mpaka likasema.

"Sheki. Tangu lini unajua?"
"Tangu saa moja."
"Mimi tangu Januari."

Akavua glavu, kidole kwa kidole,
akampa kiti Pruitt, kijana wa Ohio asiyeota ndevu,
akamfunga mikanda kwa mikono yake,
akamwambia neno ambalo injini ililimeza.

Tulimaliza wa nne.
Hapakuwa na hotuba. Bosi alipiga teke ndoo.

Alfajiri nilimpeleka Orlando kwa pikapu ya kukodi,
michungwa kulia, michungwa kushoto,
mwendo wa maili hamsini, kama watu waendao benki.
Alilala, shavu kwenye kioo.
Na kabla ya kila kona, hata zile za kitoto,
mguu wake wa kushoto ulikandamiza sakafu.
Si mapema. Si kwa kuchelewa.

Baada ya kona ya tano au ya sita
nikajikuta nafunga breki
pale anapofunga yeye.